Neno Wa, Si Neno La

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu wa makanisa mengine mliokuja jioni hii, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie Umwilisho, yaani imani yetu kwamba Mungu alifanyika mtu. Najua wengi mnangoja nianzie Betlehemu, horini. Sianzii huko. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na mwalimu wa sarufi hata akiingia kanisani haachi masikio yake mlangoni. Naanza na ngeli.

Neno, wingi wake maneno. Neno hili limesemwa, neno lile limeniuma. Mwanafunzi akiniandikia "neno huyu alikuja", nampigia mstari mwekundu. Sasa fungueni Biblia ya Muungano, ile ya 1952, Yohana mlango wa 1: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Mwaona walivyonyata wafasiri? Kwanza wameandika "kulikuwako", upatanisho wa mahali, ambao haumwambii mtu kama ni kitu au ni nafsi. Kisha, sentensi haijaisha, wameshavuka mto: "naye Neno alikuwako." Na mstari wa 14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu."

Yohana katika Kigiriki chake hakupata taabu hiyo. Logos, yaani Neno, ni nomino ya jinsi ya kiume. Aliipatanisha kama kawaida na hakuna aliyeshtuka. Sisi ilibidi tuchague, "li" au "a", na kuchagua kwenyewe kukawa kukiri imani. Bibi anayesali Malaika wa Bwana kengele ya saa sita ikilia, akisema "Neno wa Mungu akatwaa mwili", amekiuka somo langu la kidato cha kwanza na kutangaza imani ya Nikea, kwamba Mwana ni Mungu, kwa silabi moja. Siku hiyo kalamu nyekundu naiweka mfukoni.

Jirani yetu Mwislamu naye analo neno hapo. Qur'ani, Surat An-Nisaa aya ya 171, humtaja Isa kuwa neno la Mwenyezi Mungu alilompelekea Maryamu. Alilompelekea: "li". Kwake yeye Isa ni mtume mtukufu, na Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Tofauti hiyo si ndogo, na haifai kuifunika kwa tabasamu la sikukuu. Ila nasema, watu waliokulia mtaa mmoja, wanaotaja neno lile lile kwa lugha ile ile, wanaweza kuoneshana kwa adabu mahali hasa wanapoachana.

Sisi Wakristo wenyewe tulishaachana hapo hapo. Arius, padre wa Aleksandria mwanzoni mwa karne ya 4, hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa na kicho kikubwa cha Mungu, na aliona kumshusha Mungu hadi kwenye nepi ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwako. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, mji ulioko Uturuki ya leo, na jibu lao mnalo mdomoni kila Jumapili: "Aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Ugomvi haukuishia hapo. Athanasius, aliyekwenda Nikea akiwa shemasi tu, baadaye alikuwa askofu wa Aleksandria, na mara tano alifukuzwa uaskofuni akaenda uhamishoni. Hoja yake naiweka kwa maneno ya watu wa pwani: anayezama hamwokoi anayezama. Kama Mwana naye ni kiumbe, basi anahitaji kushikwa mkono kama sisi.

Nikea ililinda "wa". Likabaki neno "mwili", na hapa naona hatari iko karibu zaidi na sisi. Mtu akisikia "alitwaa mwili" anaweza kufikiri Mungu alivaa mwili kama mtu avaavyo kanzu, jioni akaivua. Apollinaris, askofu wa Laodikia, alifika karibu na hapo: mwili wa kibinadamu upo, lakini akili ya kibinadamu hapana, pale amekaa Neno. Gregori wa Nazianzo alimjibu kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama Kristo hakuwa na akili ya mtu, akili zetu zimebaki na ugonjwa wake. Na pale Gethsemane, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe," ni nani alikuwa anatetemeka? Kanzu haitetemeki. Ndiyo maana naipenda Biblia ya Habari Njema pale iliposema wazi kwamba Neno "akawa mwanadamu".

Kisha "akakaa kwetu". Kigiriki kinasema alipiga hema. Sisi tunasema kwetu, kama mtu anavyosema kwetu Tanga, kwetu Songea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe. Watu wa kijiji chake, Marko 6:3, wanamtambua kwa kazi ya mikono: "Huyu si yule seremala?" Luka anasema alipoanza kufundisha umri wake ulipata kama miaka thelathini. Miaka yote hiyo Injili haituambii karibu lolote, nasi wahubiri tunairuka kwa haraka ya kufika kwenye miujiza. Mimi naona huko ndiko alikokaa hasa.

Namaliza na mtoto mmoja wa katekesi aliyenishinda. Tulikuwa tumesoma Zaburi 121, mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi. Wiki iliyofuata tukasoma Marko 4: dhoruba, mawimbi yanaingia chomboni, naye yuko katika shetri, amelala juu ya mto. Mtoto akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa Mungu analala au halali?"

Mtaguso wa Kalsedonia, mkutano mwingine wa maaskofu, mwaka 451, ulikuwa na maneno ya kumjibu: umungu na ubinadamu katika nafsi moja, pasipo kuchanganyika, pasipo kugeuka, pasipo kugawanyika, pasipo kutengana. Wakristo wa Misri na Ethiopia hawakuyapokea maneno hayo, ingawa nao wanakiri Mungu kweli na mtu kweli. Mimi sikumpa mtoto Kalsedonia. Nilimwambia asome mstari unaofuata kwa sauti. Akasoma: akaamka, akaukemea upepo, akaiambia bahari, "Nyamaza, utulie." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo sauti yake ilikuwa bado ya usingizi."