Jinsi ya kuigiza mponyaji World of Warcraft bila kuharibu stori ya mwenzako

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo nipo Stormwind, mji wa wanadamu ndani ya gemu la mtandaoni la World of Warcraft, kwenye kanisa la Cathedral of Light, na huyu aliyekaa sakafuni kashika mbavu ni mshikaji wangu, kakubali kuumia kwa ajili ya video. Siongelei uponyaji wa danjoni, kule kwenye mapambano, ule wa kubonyeza kitufe cha tiba cha Flash Heal mpaka vidole vinauma, naongelea kuigiza, mnakaa mnaandikiana stori. Mimi nacheza Argent Dawn, seva ya kuigiza ya Ulaya, kule Marekani wengi wako Moon Guard. Humo watu wanaandika Kiingereza ila leo naandika Kiswahili twende pamoja.

Weka adoni, yaani programu ya nyongeza, ya Total RP 3, jaza wasifu wa mhusika wako, hiyo fasta tu, tusipoteze muda.

Haya. Kwenye chati ya gemu unaandika /e halafu kitendo. Jina usiweke, gemu linaweka lenyewe. Angalia: /e anapiga magoti, anabandua shati lililogandia kwenye damu. Enta. Umeona? "Neema anapiga magoti..." Neema ndo mhusika wangu. Ukiweka jina inatoka Neema Neema. Ukisahau /e inatoka kama umeongea, yaani mhusika wako anatangazia kanisa zima kwamba anapiga magoti. Ongeza /kneel ili na mwili upige magoti kweli. Mwisho ni herufi 255 kwa ujumbe mmoja, kwa hiyo ukiwa na mengi yakate mawili.

Sasa usikimbilie mwanga, yaani ile nguvu takatifu ya kuponya! Angalia kidonda kwanza. Mimi huwa nakinusa, nauliza ni upanga au ni moto, kimeanza lini, nani alikifunga hiki kitambaa kichafu. Hapo ndo penye utamu, mwenzako anapata nafasi ya kusimulia vita yake.

Ngoja... kuna mtu kaja kasimama na joka lake katikati yetu, simuoni hata mgonjwa. Tusogee pale kwenye nguzo. Haya, hapa sawa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, nitarudia na nitarudia tena. USIANDIKE KIDONDA KIMEPONA. Unaandika unachofanya wewe, na kitakachotokea kwenye mwili wa mwenzako anaandika mwenyewe. Niliwahi kumkuta askari hapa hapa, mkono umechanika, nikaandika kwa mbwembwe mwanga umeufunga mkono ukawa mzima kabisa. Jamaa akanyamaza. Baadaye akanitumia ujumbe, kumbe alikuwa anaandaa stori ya mhusika wake kuukosa ule mkono, wiki nzima anaipanga na wenzake, na mimi nimeifuta kwa mstari mmoja mbele ya watu kumi. Iliniuma sana na bado inaniuma. Kwa hiyo kabla hujaanza mnong'oneze kwa ujumbe wa faragha, weka mabano mawili ajue ni wewe mchezaji unaongea, muulize: ((unataka upone kiasi gani?)) Sekunde tano tu!

Kajibu: damu ikatike ila mbavu zibaki zimevunjika. Poa. Naandika: /e anaweka kiganja juu ya mbavu bila kukandamiza, mwanga unaanza kutoka taratibu kati ya vidole, anajaribu kuzuia damu. Mmeliona hilo neno ANAJARIBU? Ndo hilo. Usiandike kidonda kimepona, andika unajaribu, halafu toa mkono kwenye kibodi usubiri.

Mkitaka bahati iamue, ingieni kundi moja, andika /roll 20, inatoka namba kati ya 1 na 20 na wote mnaiona. Nimepata... 6. Safi, napenda namba ndogo, maana mponyaji anayeweza kila kitu hana stori. Naandika jasho linatoka, vidole vinatetemeka, mwanga unafifia anaomba maji. Tiba lazima ikugharimu kitu, la sivyo nani ataogopa kuumia?

Halafu kila aina ya mponyaji kwenye gemu ina lugha yake. Kasisi na paladini, yule askari mtakatifu, nguvu yao inatoka kwenye imani, kwa hiyo akiwa na shaka moyoni mwanga nao unayumba, igiza hiyo. Shamani haamrishi, anaiomba roho ya maji, na roho inaweza kugoma. Druidi ni majani na mizizi, mimi ningeandika harufu ya udongo uliolowa mvua. Na ukikutana na Forsaken, wale wafu wanaotembea, mwanga unawaponya ila unawaunguza, watengenezaji wenyewe walishasema mwaka 2011. Kwa hiyo muombe ruhusa mara mbili, na mpe kitu cha kung'ata.

Haya, mwenzangu kajibu, kaandika damu imekatika ila akivuta pumzi anasikia mfupa unasuguana. Napenda sana hiyo, hata mimi nisingeiwaza! Sasa namfunga bandeji kwa /e mbili fupi, namkataza kupanda farasi siku tatu, na yeye anaenda kwenye Total RP, pale pa hali ya sasa, anaandika "mbavu zimefungwa, anatembea taratibu" ili kila atakayekutana naye mjini aone.

Kesho jioni nitarudi hapa kumbadilishia bandeji. Na nikimkuta juu ya farasi ataniona!