Tambi za Maziwa: Tupike Huku Tukihesabu Sukari

Karibuni tena jikoni kwangu, Kaloleni hapa Kisumu. Leo ni tambi za maziwa, zile za Iddi. Wateja wanaonunua tambi na iliki kwangu huniuliza: hiki ni chakula ama ni utamu tu? Haya, tupike nikiwaambia.

Vunja tambi nyembamba, gramu 100. Samli kijiko kikubwa kimoja, sufuria nzito, moto mdogo. Tambi ziingie. Hapa usiguse simu! Koroga, usiache. Mwaka nilioolewa nilienda kufungua mlango tu, kurudi zimeshakuwa nyeusi. Nikazitia maziwa hivyo hivyo. Mama mkwe alikula kimya mpaka bakuli likaisha, na kimya kile sijakisahau. Kwa hivyo macho kwenye sufuria. Rangi ya chai ya maziwa... bado... bado... sasa! Maziwa, haraka, pakiti mbili za nusu lita. Zikiungua anza upya, uchungu ule hautolewi na sukari. Nasema tena: usiguse simu.

Sasa, maziwa ndiyo chakula chenyewe hapa. Lita hii ina protini kama gramu 32, na kalsiamu ya mifupa... wee! Yanafurika! Punguza moto, puliza. Jameni. Hiyo kona ya jiko msiiangalie.

Nilikuwa kwenye kalsiamu: miligramu 1,200 hivi. Tambi ni ngano, sehemu kubwa wanga, kalori kama 350 kwa hizi gramu 100.

Sukari ndiyo kesi. Shangazi yangu humimina kikombe kizima, gramu 200! Wakila watu watano, kila mmoja amemeza 40, na chai hajanywa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike 50 hivi kwa siku nzima. Mimi natia vijiko vikubwa vinne, kama gramu 50, ndiyo 10 kwa kila bakuli, na zabibu kavu kiganja kimoja. Mwenye kisukari, hata ukiacha sukari, wanga wa tambi bado upo, kwa hivyo pakua kidogo. Na tende usidanganyike nazo, hizo pia ni sukari.

Iliki punje tatu, ponda, tia. Zima moto kukiwa bado majimaji, maana tambi zinaendelea kunywa maziwa zikipoa.

Ngoja nionje. Mmh. Iliki imezidi kidogo, lakini si mimi ndiye muuzaji?