Michoro Miwili Mizuri, Mzigo Umekwama

Nianze na kisa, ndugu zangu. Kiwanda kimoja cha unga kiliagiza mifuko. Mchoro wake wa kazi ulisema: tuma oda, pokea mzigo, kagua, lipa. Wa mtengenezaji wa mifuko ulisema: pokea oda, pokea malipo, pakia lori. Ukiusoma kila mmoja peke yake, hauna kasoro. Siku ya nne stoo ikabaki na mifuko ya asubuhi moja. Meneja akapiga simu kwa hasira, akajibiwa kwa upole: "Tunasubiri hela yenu, mzee."

Sasa tuiunganishe michoro hiyo miwili. Katika BPMN, lugha ya kuchora hatua za kazi ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011, kila kampuni hukaa ndani ya bwawa lake. Naam, bwawa, kama la kuogelea. Mshale wa mstari mzima, unaosema "hii ikiisha fanya ile", hauruhusiwi kuvuka ukingo. Kinachovuka ni mshale wa vipande vipande, yaani ujumbe. Naipenda kanuni hii, ina adabu: mfanyakazi wa watu huwezi kumwamuru, unampa habari tu. Basi fuata mishale hiyo, uulize kama kila ujumbe unaotumwa una mpokeaji. Mtengenezaji aliweza kujibu "stoki imekwisha", lakini mchoro wa kiwanda haukuwa na mahali pa kulipokea jibu hilo.

Kompyuta inaweza kuukamata mkwamo mapema. Hesabu zake zinatokana na nyavu za Mjerumani Carl Adam Petri, yaani michoro ya duara na mishale inayoonyesha kazi inavyosogea, zilizotokana na tasnifu yake ya mwaka 1962: kompyuta inapita kila njia, ikitafuta mahali ambapo hakuna kinachosogea na kazi haijaisha.

Lakini haijui maana. "Mzigo umepokelewa", kwa mtu wa stoo, ni lori limepita getini. Kwa mhasibu, ni mzigo umeshakaguliwa. Programu huona maneno yaleyale, ikayafunga pamoja. Hapo hakuna dawa ila kuwakalisha wawili hao meza moja.

Mtauliza, je, tufunue kila kitu? Hapana. Mgeni huishia barazani. Onyesha unachotuma na unachongoja. Bei ya malighafi ibaki jikoni.

Kile kiwanda kilikubali kulipa nusu wakati wa kuagiza, nusu baada ya ukaguzi. Mishale miwili mipya, lori likatoka. Ule wa "stoki imekwisha" waliusahau tena; wakanipigia katikati ya Ramadhani.