Mjane wa Boston mwenye miaka 16

Haya jamani, nishasema sana na leo narudia: sisi tukipewa maandishi cha kwanza tunauliza kaandika nani, kasoma wapi, halafu ndo tunaamua kama yana akili.

Boston, Marekani ya enzi za mkoloni Mwingereza, 1722. Gazeti la New-England Courant linatoa barua za mama anajiita Silence Dogood, mjane wa mchungaji, mdomo haulali, anawasema watu wa mji kwa mavazi, ulevi, mpaka tenzi zao za msibani. Jamaa wa gazeti wanabahatisha ni msomi gani huyu, wanataja vigogo watupu, na mwandishi yupo humo humo kiwandani anawasikia! Benjamin Franklin, huyu aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, hapo ni dogo wa miaka 16, anajifunza kazi ya uchapaji kwa kaka yake James mwenye gazeti. Alikuwa anabadili mwandiko, usiku anasukumia karatasi chini ya mlango.

Barua ya nne lazima niikalie. Mjane anaota hekalu la elimu, ndo Harvard hiyo, getini mabawabu wawili, Utajiri na Umaskini, ukiletwa na Utajiri unapita, Umaskini anakufukuza. Ndani vilaza kibao wanashindwa kupanda ngazi, wakitoka wengi wanakimbilia hekalu la Teolojia, kisa nyuma ya pazia kuna Pesa anawaita kwa mkono. Humo kuna mmoja, Plagius, kainama ananakili mahubiri ya Tillotson, askofu maarufu wa Uingereza, ayachomeke kwenye yake. Kopi-pesti ya 1722 hiyo! Na dogo baba yake alitaka awe mchungaji, gharama za chuo zikamshinda, kwa hiyo yule bawabu Umaskini anamjua vizuri sana.

Najua kuna mtu anataka kuniambia wanaoficha majina ndo wanaotukana watu mitandaoni. Wapo, sibishi. Tena Courant lenyewe halikuwa malaika, 1721 lilipinga kuchanjwa ndui, na mchungaji waliyemshambulia, Cotton Mather, ndo alikuwa sahihi, na ujuzi huo kaupata kwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake. Sasa ungeuliza jina tu, nani angemsikiliza Onesimus?

Naona naoneshwa saa. Basi haraka: James alifungwa 1722 hiyo hiyo kwa kuisema serikali, Januari 1723 akakatazwa kuchapa bila kukaguliwa, wakaona dawa ni kubadili jina la mchapaji, Februari gazeti likatoka na jina la nani? Benjamin Franklin. Miezi michache mbele dogo akatoroka, hata hakuaga.