Ndoo Hamsini

Asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema haya, na leo nayarudia kwa sababu bado tunazika vijana wanaofukiwa na udongo wakichimba mitaro.

Sheria mnaijua, ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003: mwajiri amfundishe mfanyakazi wake usalama. Tunafundisha, sikatai. Tunamfundisha nani? Msimamizi, tena ukumbini kama humu, chai na sambusa, jioni kila mtu na cheti chake. Anayeingia shimoni ni saidia fundi aliyechukuliwa getini saa moja asubuhi. Huyo anapewa sururu na chepe, na akibahatika, reflekta yenye jasho la mwenzake wa jana.

Mimi nikienda saiti sibebi projekta. Naomba ndoo ya lita 20, naijaza mchanga uleule waliouchimba, halafu namwita kijana mwenye misuli. Inua. Anainua, anacheka, wenzake wanashangilia. Namwambia aikumbatie kifuani, asiitue. Mimi naongea taratibu, makusudi kabisa. Dakika haijaisha mikono inatetemeka. Hapo nauliza: pande la ukuta wa mtaro lenye mita moja kila upande ni ndoo ngapi? Wanakisia kumi, kumi na tano. Ni 50! Tani moja na nusu na ushee. Na haziji moja moja.

Vicheko vinakata. Nauliza tena: ukifukiwa mpaka mabegani, kichwa kiko nje, utapona? Wote: ndiyo, si unapumua? Hupumui. Kila ukishusha pumzi udongo unajaza pale kifua kilipopungua. Ukitaka kuvuta nyingine, kifua hakina pa kutanukia. Mtu anakata roho huku anawatazama wenzake machoni.

Baada ya hapo sina haja ya kumkataza mtu kurundika kifusi ukingoni mwa mtaro. Wanakisogeza wenyewe.

Namwona mzee wangu pale anatabasamu, na najua anachowaza: ajali haina kinga. Msemo huo! Nimeusikia makaburini, kinywani mwa bosi yuleyule aliyeona mbao za kuegemezea kuta ni gharama. Ajali ya mtaro kinga inayo: mbao na mirunda, au chimba kwa mteremko. Inauzwa dukani, ina bei. "Lakini sisi tumechimba miaka ishirini hatujafukiwa." Sawa, baba. Waliofukiwa hawajaja leo kubishana nawe.

Mwingine atasema vibarua wanabadilika kila siku, nitafundisha mara ngapi? Kila siku! Dakika tano, sururu kabla haijagusa ardhi. Mama lishe anawajua wote kwa majina, anajua nani anadaiwa na nani hali maharage. Sisi wenye ofisi tunashindwa?

Nilikuwa na la majukwaa ya mafundi kupandia jengoni na la nyaya za umeme, ila mwenyekiti anatazama saa. Zege tu, haraka: zege bichi linaunguza. Likiingia ndani ya buti halichomi papo hapo, kijana anashinda nalo, jioni anavua buti pamoja na ngozi. Maji safi ya kutosha, saa hiyohiyo, asingoje kutoka kazini. Majukwaa niulizeni kwenye hizo sambusa.

Ndoo yangu nimeiweka pale mlangoni, imejaa. Kila anayetoka aikumbatie kidogo. Wahandisi wa kwanza, na mzee wangu nakuona, usipite mlango wa nyuma.