Viti Vinane, Kauli Moja

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioacha shughuli zenu za jioni, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanuka kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nitaanza na mkutano ambao haukufanyika. Mwishoni mwa Novemba 2018, Wakuu wa Nchi walitakiwa kukutana Arusha. Burundi haikuhudhuria. Mkutano ukaahirishwa kwa kukosa akidi, ukaja kufanyika Februari 1, 2019. Wanachama walikuwa sita wakati ule. Kiti kimoja kilipobaki kitupu, vile vingine vitano havikuwa na thamani ya viti.

Leo wanachama ni wanane.

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Jumuiya inasema uamuzi wa Wakuu wa Nchi ni wa maafikiano. Hawapigi kura, hawahesabu wengi na wachache. Wote wakubali, la sivyo hakuna uamuzi. Kanuni hii iliandikwa na watu watatu, Moi, Mkapa na Museveni, waliotia saini Novemba 30, 1999. Kwa watatu inawezekana: wawili wakielewana, wa tatu unamfuata chumbani kwake usiku mnayamaliza. Sasa jaribuni kuwafuata saba. Kila tunapompokea mwanachama mpya tunampa bendera mlingotini, tunampa wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, na tunampa pia ufunguo wa kuufunga mlango kwa ndani. Habari ya ufunguo huu haimo katika hotuba za kumkaribisha.

Tuliwahi kuumia kwa jambo hili hili, tena tukiwa watatu. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa kwa mkataba wa Kampala wa Juni 1967. Juu kabisa palikuwa na Mamlaka ya marais watatu. Januari 25, 1971, Idi Amin akampindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Tangu siku hiyo Mamlaka ile haikukutana tena. Ndege ziliendelea kuruka, treni ziliendelea kutembea, makarani waliendelea kupokea mishahara, lakini kichwa kilikuwa hakipo. Kulikuwa na sababu nyingine, na kubwa: viwanda vilirundikana Kenya, Tanzania ilikwenda na Ujamaa, fedha za mashirika ya pamoja zikawa ugomvi. Hata hivyo ugomvi wa fedha huzungumzwa na watu wanaokutana. Hawa hawakukutana. Mwaka 1977 ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na akahitajika mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, kutusaidia kugawana mali. Makubaliano yalisainiwa Mei 1984. Miaka saba ya kugawana vyombo baada ya talaka!

(Nisamehewe nichepuke kidogo. Majengo ya makao makuu yaliyobaki Arusha yakageuzwa kituo cha mikutano, na baadaye humo humo ikafanya kazi mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kabla Rwanda haijawa mwanachama, wahusika wa historia yake chungu kuliko zote walishahukumiwa ndani ya nyumba ya Jumuiya iliyokufa.)

Msidhani kwamba watu kubisha hodi ni jambo la juzi. Jumuiya ya kwanza ilipokuwa bado changa, Zambia, Ethiopia na Somalia zilionyesha nia ya kuingia. Kwa hiyo Somalia iliyopokewa Novemba 24, 2023 ilikuwa imeukaribia mlango huu zaidi ya miaka hamsini nyuma. Ombi lake katika Jumuiya hii ya pili ni la 2012.

Mlango wenyewe unalindwa na Ibara ya 3. Anayetaka kuingia apimwe: anaukubali Mkataba? Anafuata utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu? Atachangia nini? Ni jirani, na maisha yake yanategemeana na ya wenyeji? Uchumi wake ni wa soko? Sera zake zinalingana na zetu? Ukisoma hivyo unaona mtihani mgumu. Tutazame sasa ulivyosahihishwa.

Rwanda na Burundi zilikuwa wanachama kamili Julai 1, 2007. Hapo sina neno refu. Zilisubiri, zikachunguzwa, zikaingia. Mwaka 2011 yakaja maombi mawili. Sudan ya Khartoum ilikataliwa, na sababu iliyotangulizwa ni ramani: Sudan Kusini ilipojitenga Julai mwaka ule, Khartoum ilibaki bila mpaka na mwanachama yeyote. Yalisemwa na mengine kuhusu demokrasia, lakini ramani ndiyo iliyomaliza kazi, maana haibishaniwi. Sudan Kusini nayo iliomba, ikasubiri, na Desemba 2013 ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Machi 2, 2016 ikapokewa, hali mkataba wake wa amani haujatimiza hata mwaka. Julai mwaka huo huo Juba ikawaka moto tena. Agosti 15 ikawa mwanachama kamili.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliandika barua 2019, ikapokewa Machi 29, 2022, ikatia saini Nairobi Aprili 8, na uanachama ukakamilika Julai 11. Katikati ya tarehe hizo weka Juni 13, siku ambayo waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana mpakani mwa Uganda. Yaani mwanachama mpya aliingia ndani akiwa ameshapoteza mlango wake mmoja wa forodha, na kidole chake kikimwelekea mwanachama mwenzake, Rwanda, ambayo imekuwa ikikanusha kwamba inawasaidia waasi hao.

Mtaniuliza: ulitaka wakataliwe? Hapana. Kwa Congo hasa, hoja ya ujirani haina mpinzani. Inapakana na wanachama watano: Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, na Tanzania kupitia Ziwa Tanganyika. Ardhi yake, kilomita za mraba milioni 2.3 na zaidi, inakaribia ya wanachama wote sita waliotangulia ukiwajumlisha. Kiswahili ni moja ya lugha zake nne za taifa. Hata Somalia, ambayo kati yetu inapakana na Kenya peke yake, ina mji wa Barawa na Chimiini yao, Kiswahili kilichozungumzwa huko karne na karne. Ninacholalamikia ni kwamba katika masharti yote ya Ibara ya 3, jiografia ndiyo pekee iliyowahi kumrudisha mtu nyumbani. Yale mengine tunayasoma kwa sauti ya upole sana.

Wako wanaotetea upole huo, na hoja yao si nyepesi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone: mlete mwenye vita ndani, vita vyake vitakuwa vyetu, tutavimaliza. Kwa Congo tulijaribu. Kikosi cha Jumuiya kilikwenda mashariki ya nchi hiyo Novemba 2022. Kinshasa ikataka kipigane na M23, sisi tukasema kimekuja kusimamia usitishaji wa mapigano. Desemba 2023 kikaondoka, na jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, likachukua nafasi. Congo iliweza kukibadilisha kikosi chetu hivyo kwa sababu ni mwanachama wa SADC pia, na wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na wa jumuiya ya Afrika ya Kati. Mwenye nyumba nne haumizwi kichwa na chakula cha nyumba moja. Septemba 2024, kesi yake dhidi ya Rwanda ikaanza kusikilizwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, jijini Arusha. Hili mimi nalihesabu kama faida. Majirani wanaoshitakiana mbele ya majaji wa pamoja wamefika mbali kuliko marais wale wa 1971.

Sasa pesa, maana najua mnaisubiri. Mkataba uliweka kwamba kila nchi ichange sawa na mwenzake. Burundi ilipe kama Kenya. Ni heshima, lakini ni heshima ghali, na malimbikizo ya michango yamekuwa wimbo wa kila bajeti. Dawa imo ndani ya Ibara ya 146: nchi ikishindwa kutimiza wajibu wake wa fedha kwa miezi 18, Wakuu wanaweza kuisimamisha. Wanaweza, hawalazimiki. Ibara ya 148 inaongeza jambo la busara, kwamba anayejadiliwa asimamishwe au afukuzwe, maoni yake hayahesabiwi. Waandishi waliona mbali kidogo. Hawakuona kwamba mdaiwa huhitaji rafiki mmoja tu kati ya wale saba waliobaki, naye akatae. Tena nyumba yenye wadaiwa wengi, rafiki hakosekani.

Na kutoka je? Ibara ya 145 inataka azimio la bunge la nchi husika kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Kutoka kunahitaji bunge. Kuendelea kukaa bila kutekeleza hakuhitaji kitu. Nchi zetu zinajua kuaga zikitaka: Tanzania iliiaga COMESA mwaka 2000, Rwanda iliiaga jumuiya ya Afrika ya Kati 2007, ikarudi 2016, na Juni 2025 ikatangaza kuondoka tena. Hata 2013, Kenya, Uganda na Rwanda zilipokuwa zikikutana zenyewe kupanga reli na viza ya pamoja, Tanzania ikiachwa nje, Rais Kikwete alilieleza Bunge Dodoma kwamba hawatoki. Wale watatu nao hawakutoka. Walikutana pembeni tu, wakiwa watatu, idadi ile ile iliyouandika Mkataba.

Naona mikono imeanza. Tuanze na dada yule wa nyuma.