Retina Hula Zaidi Gizani: Nishati ya Seli na Kuokoa Macho

Mhadhara kwa maafisa wa kliniki, wauguzi wa macho na vikundi vya wagonjwa wa kisukari, Kisumu

Hamjambo nyote. Nitaanza na usiku, maana ndio wakati hesabu ya jicho inapokuwa ngumu.

Wengi wetu hudhani jicho huchoka kwa kutazama na hupumzika likifumbwa. Retina haiko hivyo. Seli zake zinazopokea mwanga, rodi na koni, zina milango midogo inayokaa wazi gizani, na sodiamu huingia kupitia hapo bila kukoma. Ikishaingia lazima itolewe, la sivyo seli huvimba na kufa. Kuna pampu za kazi hiyo kwenye utando wa seli: kila mzunguko hutoa ioni 3 za sodiamu, huingiza 2 za potasiamu na hutumia molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo hubeba nishati ndani ya seli. Mwanga ukifika, milango hufungwa na pampu hupata nafuu. Rodi za panya zimepimwa: gizani rodi moja hutumia takriban ATP milioni 100 kwa sekunde, na katika mwanga mkali matumizi hushuka kwa zaidi ya robo tatu. Nasi tuna rodi karibu milioni 100 katika kila jicho. Zidisheni wenyewe.

ATP hiyo hutoka kwenye glukosi. Glukosi moja ikichomwa hadi mwisho ndani ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, kwa oksijeni, hutoa ATP 30 hivi. Ikiachwa njiani ikawa laktati, hutoa 2 tu. Kiungo chenye njaa kama retina kingepaswa kuchoma kila punje hadi mwisho. Lakini katika miaka ya 1920 Otto Warburg, Mjerumani, aliona kwamba retina hugeuza glukosi nyingi kuwa laktati hata oksijeni ikiwapo. Sababu inayoeleweka leo ni ujenzi. Kila siku rodi humwaga karibu sehemu ya kumi ya ncha yake yenye visahani vya kunasa mwanga, na hutengeneza vingine, kiasi kwamba ncha nzima huwa mpya kila baada ya siku 10 hivi. Mafuta na protini za ujenzi huo zinahitaji malighafi, na njia hiyo ya glukosi ndiyo huzitoa.

Laktati yenyewe haitupwi. Nyuma ya rodi kuna tabaka la seli zenye rangi nyeusi. Tabaka hili hupitisha glukosi kutoka kwenye damu, humeza visahani vilivyomwagwa, na lenyewe huishi zaidi kwa laktati na mafuta ili glukosi isiishie njiani. Seli za tabaka hilo zikiugua na kuanza kula glukosi zenyewe, rodi hulala njaa hata kama damu imejaa sukari. Ndivyo inavyoelekea kutokea katika kuchakaa kwa kitovu cha retina uzeeni.

Mpango huu unaeleza pia jambo linalowashangaza wazazi wenye mtoto mwenye upofu wa kurithi unaoanza na kutoona usiku. Mara nyingi kasoro ya jeni huwa kwenye rodi peke yake, koni hazina kosa. Rodi zikiisha, baada ya miaka koni nazo hufa. Rodi hutoa protini inayozisaidia koni kuingiza glukosi. Protini hiyo ilitambuliwa Ufaransa mwaka 2004. Rodi zikitoweka, koni hukaa katikati ya chakula zikashindwa kula.

Sasa oksijeni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kisukari.

Retina hulishwa kutoka pande mbili. Tabaka za ndani zina mishipa yake midogo. Tabaka la nje, lenye rodi na koni, halina mshipa hata mmoja. Hutegemea koroidi, yaani mtandao mnene wa damu ulio nyuma. Usiku rodi huvuta oksijeni ya koroidi kwa nguvu hadi kiwango chake katikati ya tabaka hilo kinakaribia sifuri. Hii ni kwa mtu mzima wa afya. Sasa mchukue mwenye kisukari cha miaka 15. Sukari nyingi imeua seli zinazoshikilia kuta za mishipa midogo ya ndani, mishipa mingine imeziba, na mitokondria zilizolemewa na glukosi zinatoa kemikali zinazounguza seli. Tabaka za ndani zinakosa hewa. Zinatoa protini iitwayo VEGF kuita mishipa mipya. Mishipa hiyo huja dhaifu, huvuja, hupasuka, huvuta retina ikabanduka.

Tiba ya leza inaeleweka vizuri kwa hesabu hii. Mgonjwa huambiwa anachomwa jicho, naye hufikiri mishipa mibaya ndiyo inayochomwa. Kinachochomwa hasa ni rodi za pembeni mwa retina, zile zinazokula oksijeni nyingi. Ni kama kupunguza mahindi yaliyobanana shambani. Pale palipochomwa, oksijeni ya koroidi haina wa kuila, hivyo hupenya hadi tabaka za ndani. Kilio cha VEGF hupungua na mishipa mipya hunywea. Einar Stefánsson wa Iceland ni miongoni mwa waliopima oksijeni hiyo. Majaribio makubwa ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 1976 yalionyesha kwamba leza hupunguza hatari ya kupoteza vibaya uwezo wa kuona kwa zaidi ya nusu.

Kipimo cha kawaida ni madoa 1,200 hadi 1,600, kila moja likiwa na upana wa mikroni 500 kwenye retina, kwa sekunde 0.1, yakigawanywa katika vikao viwili au zaidi. Mashine mpya za mipigo mifupi huhitaji madoa mengi zaidi. Yote yakipigwa siku moja, kitovu cha retina kinaweza kuvimba. Gharama nyingine ni kupungua kwa uwezo wa kuona gizani na pembeni, na mgonjwa aambiwe mapema, hasa kama ni dereva wa usiku. Kosa linaloharibu mambo zaidi ni la maneno. Mgonjwa haambiwi kwamba leza inalinda kilichopo, haimrudishii alichopoteza. Baada ya kikao cha kwanza haoni tofauti, anaamua imeshindikana, harudi. Jicho lililopata madoa 500 halijatibiwa.

Sindano ya ndani ya jicho huzuia VEGF yenyewe. Bevacizumab, mojawapo ya dawa za sindano hiyo, hutolewa miligramu 1.25 katika mililita 0.05, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Inafanya kazi vizuri sana, lakini nguvu yake huisha. Kwa mgonjwa wa kisiwa cha Mfangano au ndani kabisa ya Siaya ambaye nauli ya kurudi kila mwezi ni ndoto, mimi naona leza iliyokamilika ni salama kuliko sindano zinazokatika.

Kuna watu waliofikiri mbele zaidi: kama giza ndilo linalomaliza oksijeni, kwa nini mwenye kisukari asilale na mwanga? Uingereza walijaribu barakoa za kulalia zinazotoa mwanga kwa wagonjwa wenye uvimbe wa kitovu cha retina, kwa miezi 24, na matokeo yakatoka mwaka 2017: hazikusaidia. Kwa hiyo msiende nyumbani kuwasha taa usiku kucha kwa sababu ya mhadhara huu.

Kinachosaidia mnakijua, nitakipitia haraka. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kiwe karibu asilimia 7. Presha ishuke chini ya 140/80, na zaidi kama mgonjwa anavumilia. Watu wa presha hupuuza kwamba dawa zao ni dawa za macho pia. Macho yapimwe kila mwaka kwa matone ya kupanua mboni. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe siku anayogunduliwa, kwa sababu huenda amekaa nacho miaka bila kujua. Matone huchukua dakika 20 hadi 30, na ukungu hubaki saa kadhaa, kwa hiyo asijiendeshee bodaboda kurudi. Na mkimshusha mtu haraka kutoka sukari ya juu sana, kwa insulini kwa mfano, mpimeni macho kabla na miezi michache baadaye. Retina inaweza kuzidi kuharibika mwanzoni kabla ya kutengemaa.

Mlango wa pili wa upofu ni sumu za mitokondria. Hii inatuhusu sana Magharibi na Nyanza.

Methanoli katika pombe haramu haina harufu ya kukuonya. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo hufunga kimeng'enya cha mwisho cha mitokondria, pale oksijeni inapotumika. Nyuzi za neva ya jicho zinapoanza safari ndani ya jicho hazina ala, zinategemea mitokondria kwa wingi, ndiyo maana huwa za kwanza kulia. Dalili huchelewa saa 12 hadi 24, na zaidi kama kulikuwa na pombe ya kawaida ndani yake. Mlevi aliyeamka akisema anaona ukungu mweupe, anahema kwa kasi, tumbo linamuuma: hiyo ni dharura, hata kama wenzake wanasema ni uchovu wa pombe ya jana. Hospitalini hupewa fomepizoli, au ethanoli iliyopimwa ili kukishughulisha kimeng'enya cha ini. Hupewa bikaboneti kwa ajili ya asidi, asidi ya foliniki, na huoshwa damu kwa mashine. Kumpa chang'aa nyingine nyumbani "kumwamsha" ni kumchelewesha.

Etambutoli, dawa ya kifua kikuu, huumiza neva hiyo hiyo, na kiasi ndicho kinachoamua. Kipimo cha kawaida ni miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo. Tembe ya mchanganyiko wa dawa nne ina miligramu 275 za etambutoli. Mgonjwa wa kilo 40 anayemeza tembe 3 anapata 825, sawa na 20 na kitu kwa kilo, amevuka ukingo kidogo. Akipungua uzito hadi 38 bila kupimwa tena, anafika karibu 22. Figo zikiwa mbovu, dawa hukaa mwilini na hatari hupanda hata kwa kiasi sahihi. Kabla ya tembe ya kwanza, pimeni kila jicho peke yake kwa chati ya herufi na kitabu cha rangi, muandike, mrudie kila mwezi. Mgonjwa akisema nyekundu imefifia, etambutoli isimamishwe na apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyo. Dawa nyingine za TB daktari wake aamue.

Nimeulizwa kuhusu vidonge vya "nguvu ya macho" vinavyouzwa Kondele. Mchanganyiko uliothibitishwa, mwaka 2013, una vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, luteini miligramu 10, zeaksanthini 2, zinki 80 na shaba 2. Ulisaidia wazee wenye kuchakaa kwa kitovu cha retina cha kiwango cha kati. Hauzuii kisukari, presha ya macho, wala mtoto wa jicho. Mvutaji sigara aepuke wenye betakarotini, maana huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Nikotinamidi, aina ya vitamini B3, ililinda neva ya macho ya panya na inajaribiwa kwa watu wenye presha ya macho kwa hadi gramu 3 kwa siku. Kiasi hicho kinaweza kuumiza ini, kwa hiyo asinunue mtu kwa kukisia. Luteini iko kwenye sukuma wiki, managu na kunde. Pikeni na mafuta kidogo, bila mafuta haifyonzwi vizuri. Na kwa bei ya chupa moja ya vidonge hivyo, mgonjwa wa kisukari wa Ahero anaweza kupata nauli ya kwenda hospitali ya Jaramogi au ya macho ya Sabatia kupimwa retina.